Ndama wa Stika

Shamso alinipa bati, ngazi na siku tatu. Bati lilikuwa jipya, limenyooka, limepigiliwa juu ya mlango wa duka nyuma ya Soko Mugdi hapa Garissa. Alhamisi asubuhi duka lifunguliwe, na maziwa ya ngamia yawe ndani.

Walikuwa wanawake watatu katika jambo hilo. Shamso mwenyewe ni mtu wa mjini, hana hata mguu mmoja wa ngamia. Ana duka, jokofu na ulimi. Maziwa ni ya Ramlo, anayefuga upande wa Kotile, na ya Idman, ambaye ngamia wake wanakaa porini nje ya Hagadera. Miaka yote hawa wawili walikuwa wakileta madumu yao mjini, kila mmoja na kona yake juani, kila mmoja akimwita mteja wa mwenzake. Shamso akawaambia wauze pamoja, jokofu moja, jina moja. Kukubaliana kulichukua mwaka na nusu. Anasema mwaka huo alizungumza kuliko alivyozungumza katika ndoa mbili.

"Sasa sitaki maneno tena, abowe, kaka yangu," akaniambia. "Nataka kibao. Mtu akishuka kwenye gari pale ng'ambo aone, ajue hapa ni maziwa. Hata asiyejua kusoma."

"Asiyejua kusoma namchorea ngamia."

"Ngamia mwenye maziwa, lakini. Sio kama yule uliyemchorea Issack."

Issack ana hoteli karibu na daraja. Ngamia wake nilimchora zamani nikiwa napita tu, na ni kweli alitoka kama punda aliyepewa habari mbaya. Miaka kumi na sita sasa, na watu wa mji huu hawajanisamehe.

Mimi ni wa hapa kwa kuzaliwa, sio kwa kukaa. Kazi ya vibao sikufundishwa na mtu mmoja wala mahali pamoja. Herufi zangu nene ni za bucha moja ya Voi, ambako nilikaa mvua mbili nikimshikia ndoo mzee mmoja wa Kitaita. Kivuli cha herufi, kile kinacholifanya neno lionekane limesimama lenyewe, nilikipata Nairobi kwa vijana wanaopaka rangi magari ya abiria. Kiarabu nilijifunza Lamu, na mwalimu wangu alinipiga kwa mwanzi uleule wa kuandikia. Maua ya pembeni niliyaona kwenye mikono iliyopakwa hina, na ya nani siwezi kusema. Vyote hivyo natia katika kibao kimoja. Sijui njia nyingine.

Jumatatu na Jumanne niliandika maneno. MAZIWA YA NGAMIA kwa herufi za Voi. Chini yake CAANO GEEL, maneno hayo hayo kwa Kisomali, kwa wenyewe, herufi zimelala kidogo kama zinakimbia. Upande wa kulia Kiarabu. Juu ya neno MAZIWA nikatia kivuli cha buluu, cha manjano na cha waridi, kwa sababu rangi zilikuwepo.

Jioni ya Jumanne akaja Ruweyda, binti wa Shamso. Huyu amesomea uchoraji wa matangazo chuoni Nairobi. Ana kompyuta yake na mashine ya kukata stika, ameziweka katika chumba cha nyuma cha dukani. Kibao hiki alishakichora kwenye kompyuta kabla yangu: kweupe tupu, neno moja, na tone moja la maziwa. Mamake alitazama akasema hilo ni duka la dawa, na ndipo nikaitwa mimi. Kwa hiyo msichana alikuwa na haki ya kununa, lakini ana adabu, akasimama chini ya ngazi, kidole kikipita herufi moja moja.

"Adeer," akasema mwishowe, akiniita amu, "kibao hiki kina aina ngapi za herufi?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Mbili, na Kiarabu ya tatu. Halafu maua. Halafu vivuli. Chuoni tulifundishwa aina mbili zinatosha. Ya tatu ni kelele."

"Nani alifundisha?"

"Mwalimu."

"Amewahi kuuza maziwa?"

"Adeer."

"Nauliza tu. Leo mchana nyumbani mmekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

Aliona ninakokwenda.

"Na ndizi," akajibu mamake kutoka ndani.

"Ndizi mbivu," nikasema, "juu ya wali, kando ya nyama, sahani moja. Mpelekee mwalimu wako sahani hiyo uone kama hataiita kelele."

Ruweyda akacheka, ingawa hakutaka. "Ndizi ni moja, adeer. Wewe umetia ndizi, tambi, embe na samaki."

Hapo alinishika. Nikarudi kwenye brashi yangu.

Jumatano asubuhi nilimchora ngamia, na nilimchora vizuri, nasema mwenyewe. Jike, amesimama kwa ubavu, nundu imejaa, kope ndefu, mdomo wa chini umelegea kama mtu anayesikiliza kesi ya wengine. Kiwele nilikipa nafasi yake ili asiyejua kusoma asome. Nilipomaliza nikaosha brashi, nikaenda kunywa chai kwa mama wa pembeni. Sikuwa na wasiwasi wowote duniani.

Kikombe hakijafika nusu, akapita Mahat, dalali wa mifugo. Mahat anatazama paja la ngamia kabla ya uso wake, na kwa kazi yake ni sawa. Akasimama, akainua kidevu kuelekea kwenye bati.

"Kwa hiyo duka ni lenu, adeer."

"Letu na nani?"

"Nyinyi. Ukoo wenu. Si nimeona."

"Umeona nini?"

"Chapa."

Nikageuka. Kwenye paja la ngamia wangu, chini, karibu na kiwele, palikuwa na duara lililokatwa na mstari na nukta moja upande wa chini. Nilikuwa nimelichora mimi, kwa rangi nyeusi, tena kwa uangalifu.

Ni lazima nieleze. Kwetu ngamia hana jina la mwenye mali shingoni. Anapigwa chuma cha moto, na alama hiyo ni ya ukoo mzima. Akipotea Liboi akaonekana Wajir, atakayemwona atasoma paja na kujua ampeleke kwa nani. Duara lile ni la babangu. Nikiwa mtoto nilijifunza kuchora kwa kijiti mchangani, na kitu cha kwanza nilichokichora ni ngamia, na babangu alikuwa akisema ngamia hajakamilika mpaka awe na chapa. Tangu hapo mkono wangu haujui kumaliza ngamia bila duara. Ndivyo wengine wanavyotia nukta juu ya herufi ya i. Ngamia wa Issack pia analo, lakini hakuna aliyewahi kuliona, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba ni ngamia.

Nilipanda ngazi haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Lakini Mahat alishapiga picha, na picha ilishaanza safari yake.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Ramlo, kutoka Kotile. Shamso alikuwa na mikono yenye maji, akaiwekea sauti ya nje, ndiyo maana sote tulisikia.

"Shamso, mimi nilikubali jokofu moja."

"Ndiyo, dada."

"Nikakubali jina moja."

"Ndiyo."

"Lini nilikubali kwamba ngamia wangu wamehama ukoo?"

Shamso akatoka nje huku simu ikiendelea kusema mkononi, akatazama juu. Ramlo alisema ngamia wake wana chapa yao, maziwa yao hayatauzwa chini ya chapa ya mtu mwingine, na kwamba anakuja na gari la mchana kuchukua vyombo vyake alivyokwisha kuvileta. Idman hakupiga simu. Idman alituma ujumbe wa sauti, na ndani yake alisema neno moja tu, "Hapana," halafu ukasikika mlio wa mbuzi.

"Abowe," Shamso akaniambia, polepole. "Mwaka na nusu."

"Nafuta sasa hivi."

"Kesho watu wakija nitawauzia nini? Jokofu?"

Nikachukua rangi ya ngamia, nikapaka juu ya duara mara mbili. Lakini rangi niliichanganya upya na haikufanana na ile ya mwanzo. Ikatoka nyeusi kidogo, na pale pajani pakabaki kiraka, kimetuna, kama kidonda kilichopona vibaya. Nikashuka nione kwa mbali. Mahat alikuwa bado yupo, ameshaita wawili wengine, na hao walikuwa wameagiza chai kabisa.

"Sasa umemaliza, adeer," akasema Mahat.

"Nimeifuta."

"Ndiyo. Na nani hufuta chapa?"

Kila mtu anajua nani hufuta chapa. Mwizi wa ngamia huunguza juu ya alama ya mwenyewe mpaka isisomeke, na kinachobaki ni kiraka kama kile kile nilichokichora.

"Umemtoa wapi huyo mnyama?" akauliza mmoja wa wale wawili, kwa upole wa askari wa kizuizi cha barabarani. "Umevuka naye wapi?"

Wakacheka mpaka mama wa chai akacheka. Mimi pia ningecheka, kama sio Shamso aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kidevu mkononi. Kwa dakika chache duka lake lilikuwa limetoka kuwa la ukoo mmoja likawa la maziwa ya wizi.

"Mpake wote upya," akasema Ruweyda. "Asiwe na chapa kabisa, tangu mwanzo."

"Jike mzima asiye na chapa ni mnyama aliyepotea," nikamwambia. "Kufika alasiri watakuja wanne kumdai."

"Basi mtoe ngamia."

"Na asiyejua kusoma?" akauliza Shamso, bila kuinua kichwa. Halafu akasema, "Lile tone lako bado unalo?"

Nilimtazama Ruweyda. Alikuwa ameshinda, na hakuonekana kufurahi. Alisema ndiyo, tone bado analo.

Gari la Kotile lilifika baada ya sala ya adhuhuri. Ramlo akashuka, mama mrefu, mkavu, mkononi fimbo ya kuswagia. Hakumsalimia mtu mpaka alipotusalimia wote pamoja, kisha akaenda moja kwa moja ndani, akatoa vyombo vyake viwili vya kusukwa, vile vinavyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike, akaviweka nje kwenye kivuli. Ndipo akainua macho kwenye bati. Alitazama kwa muda, fimbo mabegani.

"Nani kamchora?"

"Mimi," nikasema.

"Hii habari ya chapa niiache kwanza. Ndama yuko wapi?"

"Ndama gani?"

"Nakuuliza wewe. Jike huyu ana kiwele kimejaa, amesimama peke yake. Ndama amekufa? Ngamia gani anaachia maziwa bila ndama kumwanzia? Chuchu mbili za ndama, mbili za watu, hata mtoto anajua. Mimi ningekuwa mteja ningeuliza, haya ni maziwa au ni maji ya chokaa?"

Miaka yote ya kuchora ngamia, na nilikuwa nimesahau ndama. Niliondoka kijijini kabla sijafikia umri wa kukamua.

"Anasimama wapi?" nikauliza. "Ndama. Nionyeshe."

Ramlo akaniangalia kama nimemuuliza jua linatokea wapi. Akanyoosha fimbo mpaka ikagusa bati. "Mwili hapa, ubavuni. Shingo inapita hapa. Kichwa chini ya kiwele, hapa." Na ncha ya fimbo ilikuwa imesimama juu ya kiraka.

Mahat aliweka kikombe chini.

"Rudia, eddo," akasema Ruweyda, akimwita shangazi.

Ramlo akarudia, polepole, na safari hii mwenyewe akaona alichokuwa akikigusa. Fimbo ikabaki hapo hapo.

"Na ndama," nikasema, "hapigwi chapa mpaka akue."

"Hapigwi," akasema Ramlo.

Nikachukua brashi. Ramlo akanizuia kifuani kwa fimbo, bila kunigusa.

"Sio wewe."

"Kwa nini?"

"Mkono wako una mdomo. Utamchora vizuri, utaenda kunywa chai, ukirudi ndama ana duara."

Mahat akasema hilo ni kweli kabisa, na wenzake wakaunga mkono. Nilitaka kukasirika, lakini nilipoutazama mkono wangu sikuweza kuuapia.

"Basi nani?" akauliza Shamso. "Akichora binti yangu, watasema ni ndama wa upande wa babake."

"Sichori kwa mkono," akasema Ruweyda. "Nakata kwa mashine."

Ramlo akafikiri. "Mashine ni ya nani?"

"Imetoka Uchina, eddo."

"Huko wana ngamia wetu?"

"Hapana."

"Basi haina ukoo. Mashine ikate."

Tukaingia chumba cha nyuma, wote tuliotosha. Ruweyda akafungua kompyuta, na ndama akatokea kwenye kioo, mweupe, rangi moja, hana kivuli, hana kope, kona zote za mwili zimeviringishwa kama kipande cha sabuni. Ramlo alisimama nyuma yake na fimbo.

"Huyu amelishwa na nani? Miguu ipungue."

Ruweyda akapunguza miguu.

"Goti liko juu mno. Hivyo ni mbuzi. Shusha. Hapo. Mkia usiulaze, anayenyonya hutikisa mkia."

Nusu saa ndama alinyooshwa na kukunjwa, na msichana hakusema hata mara moja kwamba chuoni walifundishwa vingine. Alipomaliza akajiegemeza nyuma, akanitazama.

"Haitaingiliana, adeer. Ngamia wako ana manyoya mpaka kope. Wangu ni kama picha ya kwenye mlango wa choo cha uwanja wa ndege."

"Ndama hafanani na mamake mpaka akue."

"Hiyo itakuwa aina ya saba. Nimehesabu."

"Na ya tatu si ni kelele?"

"Ni kelele." Akabonyeza, na mashine ikaanza kukata. "Kesho asubuhi unishikie ngazi."

Ramlo alirudi Kotile na gari la alasiri. Vyombo vyake aliviacha pale pale kivulini. Hakuvirudisha ndani, hakuvibeba. Kuhusu Idman alisema tu, "Nitampigia. Ataniamini nusu."

Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, kiraka kilikuwa kimekauka. Ruweyda alipanda na ndama wake kwenye karatasi, akampima, akamsogeza kidole kimoja kushoto, akamlainisha kwa kipande cha kitambaa kuanzia mkiani kwenda kichwani. Kichwa kilipolala juu ya kile kiraka, alishuka, tukarudi nyuma sote wawili mpaka kwa mama wa chai.

Nitasema nilichokiona. Mama wa brashi na mtoto wa mashine, herufi za Voi, kivuli cha Nairobi, hina, Kiarabu cha mwalimu wangu wa Lamu. Hakuna kilichofanana na mwenzake. Lakini macho yalikwenda moja kwa moja kwa ndama, kwa sababu yeye peke yake alikuwa mweupe, na kutoka kwa ndama yakaenda kwenye kiwele, na kutoka kwenye kiwele yakapanda kwenye neno.

"Amenyamazisha wengine," akasema Ruweyda, kama anayejisemea.

"Nani?"

"Ndama. Angekuwa na vivuli kama vyako, usingemwona." Akatoa simu akapiga picha. "Sitamwonyesha mwalimu."

"Mwonyeshe."

"Nitamwonyesha."

Saa moja na nusu gari la Kotile likaleta Ramlo na madumu sita. Alikagua mkia, akaguna, akaingia ndani na vyombo vyake mwenyewe. La Hagadera halikuja. Shamso alifagia mlango mara tatu. Saa mbili na robo likafika, na Idman akashuka mikono mitupu, mfupi, mnene, hana haraka. Madumu aliyaacha garini. Dereva akataka kuyashusha, akamkataza kwa kidole.

Akaomba ngazi. Nikamshikia. Akapanda vidato vinne, akaweka uso karibu na kichwa cha ndama, akajaribu ukingo wa stika kwa ukucha.

"Nyuma yake kuna nini?" akauliza.

Shamso alinitazama. Ruweyda alinitazama. Mahat, ambaye hakuwa na kazi yoyote hapo asubuhi hiyo, alinitazama pia. Nilifungua mdomo, lakini Ramlo akanitangulia kutoka mlangoni.

"Chapa yako," akasema.

Idman akaacha kukwaruza. "Yangu?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Na mimi nikiulizwa na watu wangu, nitasema ni yangu."

Idman alikaa juu ya ngazi akifikiri, na kwa uzito wake nilitamani afikiri haraka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akaulainisha ule ukingo kwa kidole gumba, mara mbili, vizuri, akashuka akicheka bila sauti, akamwambia dereva ashushe.

Madumu manane. Shamso aliyapokea mwenyewe mlangoni, moja moja, na kila moja alilisemea bismillahi.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyeshuka kwenye gari la Wajir, na chupa ya chai kwapani. Hakutazama neno hata moja. Alitazama picha, akaja, akasimama chini yake akiwa ameziba jua kwa mkono, midomo ikienda kama anahesabu.

"Nijazieni hii," akasema, akitoa kizibo. "Lakini ya zile chuchu mbili za watu. Zile nyingine mwachieni huyo mweupe, bado hajashiba."